Kuzuia kiharusi kwenye upasuaji wa karotidi: kisu, stenti au dawa peke yake?

Mgonjwa hupelekwa kwenye upasuaji wa mshipa wa karotidi, mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu ubongoni, ili asipate kiharusi, na kinachohofiwa kuliko vyote akiwa mezani ni kiharusi hichohicho. Kwa hiyo anayechagua njia anapima hatari mbili kwa pamoja: ya saa na siku chache za tiba yenyewe, na ya miaka ijayo mshipa ukiachwa ulivyo. Mpaka unaokubalika na wengi ni huu: kiharusi au kifo ndani ya siku 30 kisizidi asilimia 6 kwa wagonjwa waliokwisha kupata dalili, na asilimia 3 kwa wasio na dalili. Timu iliyo juu ya hapo inawatibu wagonjwa kwa hasara, hata kama kila mshono ni mzuri wa kutazama.

Mshipa huu hugawanyika shingoni, karibu na usawa wa pembe ya taya. Tawi la nje huenda usoni, la ndani huenda ubongoni. Gamba la mafuta hujijenga hapo kwenye njia panda. Ndani yake mara nyingi kuna ute laini kama uji mzito, juu kuna kifuniko chembamba. Kifuniko kikipasuka, chembe sahani (chembe za damu zinazoanzisha kuganda) hurundikana, damu huganda, na kipande husafiri kwenda juu.

Wengi hudhani kiharusi cha mezani hutokana na ubongo kukatiwa damu mshipa unapobanwa. Hilo hutokea, lakini si kisababishi kikuu. Viharusi vingi vya upasuaji huu huletwa na makombo ya gamba au damu iliyoganda pale palipotengenezwa. Ndiyo maana swali linalotenganisha njia zote zilizo hapa chini ni moja: makombo yatang'oka wakati gani, na nini kitayadaka?

Kabla ya kuchagua njia: je, mshipa uguswe kabisa?

Kwa mwenye dalili (kiharusi kidogo, kiharusi cha mpito kilichopita ndani ya saa chache, au jicho moja kufunikwa na giza kwa dakika chache) na ufinyu wa asilimia 70 hadi 99, hakuna ubishi mkubwa. Katika jaribio la NASCET lililochapishwa mwaka 1991, asilimia 26 ya waliopewa dawa peke yake walipata kiharusi cha upande uleule ndani ya miaka 2. Kwa waliopasuliwa, yaani mshipa ukafunguliwa na gamba likatolewa, ilikuwa asilimia 9. Ufinyu wa asilimia 50 hadi 69 faida inapungua: asilimia 22.2 dhidi ya 15.7 kwa miaka 5. Chini ya asilimia 50 kisu hakisaidii. Mshipa uliokaribia kuziba kabisa, ukasinyaa baada ya gamba na kubaki kama uzi, nao hauna faida ya wazi. Watu hupenda kuusahau huu kwa sababu picha yake inatisha.

Kinachopuuzwa zaidi ni tarehe. Wagonjwa wakipasuliwa ndani ya wiki 2 tangu dalili, unahitaji kuwapasua takriban 5 ili kuzuia kiharusi kimoja katika miaka 5. Baada ya wiki 12 unahitaji kuwapasua 125. Mgonjwa yuleyule, mshipa uleule, ila kalenda imesogea. Lakini haraka nayo ina kikomo: takwimu za Sweden zilionyesha kiharusi au kifo kwa asilimia 11.5 walipopasuliwa ndani ya siku 2 za mwanzo, dhidi ya asilimia 3.6 kati ya siku ya 3 na ya 7. Gamba lililopasuka jana bado lina damu mbichi iliyoganda juu yake. Kwa mgonjwa aliyetulia, siku ya 3 hadi ya 14 ndiyo nafasi nzuri. Kiharusi kikubwa kilichokula zaidi ya theluthi ya eneo la ateri ya kati ya ubongo, au mgonjwa aliyepungukiwa fahamu, husubiri. Kufungulia damu nyingi kwenye tishu iliyokufa huleta kuvuja damu kichwani.

Kwa asiye na dalili hesabu ni nyembamba. Jaribio la ACAS la mwaka 1995 lilipata kiharusi (au kifo cha siku za tiba) kwa asilimia 5.1 kwa kisu na 11.0 kwa dawa katika miaka 5, lakini dawa za wakati huo zilikuwa hasa aspirini. CREST-2, lililotoa matokeo mwaka 2025, lilikuwa majaribio mawili sambamba yenye dawa za kisasa. Kwa miaka 4, stenti (kibomba cha nyuzi kinachopanua mshipa kwa ndani) pamoja na dawa ilikuwa asilimia 2.8 dhidi ya 6.0 za dawa peke yake. Kisu pamoja na dawa kilikuwa asilimia 3.7 dhidi ya 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha. Wasomaji wengine wameruka kutoka hapo wakasema stenti imekishinda kisu. Haikushindanishwa nacho. Kila moja ilipambanishwa na dawa kwenye kundi lake, kwa madaktari waliochujwa vikali. Asiye na dalili ambaye hana uhakika wa kuishi miaka 3 hadi 5 kwa sababu ya ugonjwa mwingine, aachiwe dawa: statini ya nguvu hadi kolesteroli mbaya ishuke chini ya 1.8 mmol/L, aspirini, presha iliyodhibitiwa, na sigara kuachwa kabisa, si kupunguzwa.

Kisu dhidi ya stenti ya kupitia kinenani

Jaribio la CREST la mwaka 2010, lenye wagonjwa 2,502, ndilo linalotumika zaidi kulinganisha hizi mbili. Matokeo ya kipindi cha tiba:

| | Kisu | Stenti |
|---|---|---|
| Kiharusi | 2.3% | 4.1% |
| Shambulio la moyo | 2.3% | 1.1% |
| Neva ya shingo kuumia | 4.7% | 0.3% |

Jumla ya matukio yote makuu kwa miaka 4 ilikaribiana: asilimia 6.8 kwa kisu, 7.2 kwa stenti. Wapo wanaosoma jumla hiyo na kusema njia ni sawa. Kwetu si sawa, maana jumla inaweka kiharusi na shambulio dogo la moyo kwenye kapu moja, ilhali mgonjwa mwenyewe hayaoni hivyo: viharusi, hata vidogo, viliharibu zaidi maisha ya kila siku, mwaka mmoja baadaye, kuliko mashambulio ya moyo. Kipindi cha tiba kikishapita, njia zote mbili zinadumu. Kwa miaka 10, kiharusi cha upande uliotibiwa baada ya kipindi hicho kilikuwa asilimia 5.6 kwa kisu na 6.9 kwa stenti, bila tofauti ya maana.

Kwa nini stenti inaacha viharusi vingi zaidi mwanzoni? Fuata waya. Unaingia kwenye paja, unapanda aota (mshipa mkuu utokao moyoni), unapinda kwenye tao lake na kuingia shingoni. Kila kona yenye gamba ni mahali pa kukwangua makombo, kabla hata ya kufika kwenye ugonjwa unaotibiwa. Kisha kichujio, kimwavuli chenye matundu ya takriban mikromita 100, lazima kipite katikati ya ufinyu ndipo kifunguliwe upande wa pili. Kwa hiyo pigo la kwanza kwa gamba hutolewa bila kinga yoyote. Puto likipulizwa gamba hubanwa kwenye ukuta, na makombo madogo kuliko matundu hupita. Hata kazi ikiisha, gamba linaweza kuchungulia kati ya nyuzi za stenti na kumwaga vipande siku zinazofuata. Utafiti wa picha za MRI ndani ya jaribio la ICSS ulikuta madoa mapya ya ubongo kwa asilimia 50 ya waliowekewa stenti, dhidi ya asilimia 17 ya waliopasuliwa. Mengi hayakuleta dalili, lakini yanaonyesha kiasi cha makombo kinachopanda.

Maelezo hayo yanafafanua pia suala la umri. Kwenye CREST mizani iligeuka karibu na miaka 70: chini ya hapo stenti ilifanya vizuri kidogo, juu ya hapo kisu kilishinda, na pengo likapanuka kadiri umri ulivyoongezeka. Tao la aota la mzee limerefuka, limepinda na limejaa chokaa. Mzee mwenye kadi ya kliniki iliyojaa magonjwa huambiwa "afadhali stenti, haina mkato mkubwa", na mara nyingi huo ndio ushauri mbaya.

Stenti ina mahali pake: shingo iliyopigwa mionzi, mshipa uliowahi kupasuliwa ukafinyika tena, tundu la kupumulia shingoni, gamba lililopanda juu sana karibu na fuvu, au neva ya sauti ya upande wa pili iliyopooza, kwa sababu kuumiza ya pili kunaweza kuziba njia ya hewa. Isiwekwe pale penye damu mbichi iliyoganda ndani ya mshipa, au chokaa iliyouzunguka mshipa mzima kama pete, kwani stenti haitapanuka. Puto linapofika kwenye njia panda, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Atropini ya 0.5 hadi 1 mg iwe tayari kwenye bomba la sindano, si kabatini.

Njia ya tatu: stenti inayoingilia shingoni

Njia iitwayo TCAR inajaribu kuondoa makosa mawili ya stenti ya kinenani. Mkato mdogo hufanywa juu ya mtulinga, mrija huingizwa moja kwa moja kwenye karotidi kuu, kisha mshipa hubanwa chini ya mrija. Damu ya upande wa ubongo hurudi nyuma, hupita kwenye mrija wa nje wenye kichujio, na kuingia kwenye vena ya paja. Kinga inakuwa imeshawashwa kabla waya haujagusa gamba, na tao la aota halikupitiwa hata kidogo. Utafiti wa ROADSTER, wa wagonjwa 141, ulipata kiharusi kwa asilimia 1.4 ndani ya siku 30.

Upungufu wake: ushahidi mwingi unatokana na rejista badala ya majaribio ya nasibu yanayoipambanisha na kisu. Pia si kila shingo inafaa. Panahitajika sentimita 5 au zaidi kutoka mtulinga hadi njia panda, karotidi kuu yenye kipenyo cha milimita 6 au zaidi, na mahali pa kutobolea pasipo na gamba. Hayo hupimwa kwenye CT ya mishipa kabla ya siku yenyewe. Ukipima mgonjwa akiwa mezani umeshachelewa. Na kama mgonjwa hawezi kutumia dawa mbili za kuzuia chembe sahani, njia hii na ya kinenani zote zinafungwa.

Ukichagua kisu, kuna machaguo mengine ndani yake

Ganzi au nusukaputi? Jaribio la GALA la mwaka 2008 liliwagawa wagonjwa 3,526: kiharusi, shambulio la moyo au kifo kwa asilimia 4.8 kwa nusukaputi na 4.5 kwa ganzi. Tofauti hakuna. Timu ifanye ile inayoimudu. Faida ya ganzi ni kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo: anazungumza, anahesabu, anabinya kidude chenye mlio kwa mkono wa upande wa pili. Mlio ukikoma baada ya mshipa kubanwa, ubongo umekosa damu, na hakuna mashine inayosema hivyo wazi zaidi.

Mrija wa muda, ambao wengi huuita shanti, ndipo mabishano yalipo. Kazi yake ni kupitisha damu kwenda ubongoni wakati mshipa umefunguliwa. Wapo wanaouweka kwa kila mgonjwa, wapo wanaouweka kwa anayeuhitaji tu. Kwa wagonjwa walio macho, wanaouhitaji kweli ni takriban 10 hadi 15 kati ya 100. Maana yake ni kwamba anayeuweka kwa wote anawaingizia wengine 85 hadi 90 chombo kisichowasaidia, nacho kina madhara yake: ncha ya chini huchota makombo kama kijiko, ncha ya juu huchana utando laini wa ndani wa mshipa, hewa huingia, na mrija ukijikunja damu haipiti huku kila mtu akiamini inapita. Upande wa pili una hoja pia: timu inayouweka kila siku huuweka kwa dakika moja au mbili bila kutetemeka, na anayeuweka mara chache hukwama siku anayouhitaji. Majaribio hayajatoa mshindi. Msimamo wetu: kwa ganzi, weka kwa anayeonyesha dalili tu, kwa nusukaputi bila kipimo cha kuaminika cha ubongo, weka kwa wote. Jambo la hatari ni kutokuweka kwa mtu aliyelala bila kupima chochote.

Vipimo vya aliyelala havilingani. Presha ya kisiki, yaani presha inayorudi kutoka ubongoni baada ya kubana, ni rahisi, na wengi huweka mrija ikiwa chini ya 40 au 50 mmHg, lakini ni namba ya dakika ile tu. EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, hufuatilia muda wote, ila inahitaji msomaji. Dopla ya kupitia fuvu, kipimo cha mawimbi ya sauti, ndiyo pekee inayosikia makombo yakipita, kila moja kwa mlio mfupi, na huendelea kusaidia baada ya mshono. Tatizo ni kwamba baadhi ya wagonjwa mfupa wa panja hauruhusu mawimbi kupita.

Kufunga mshipa: mshono mtupu au kiraka kinachoshonewa kuupanua? Hapa hatuoni sababu ya kusitasita. Kiraka hupunguza kiharusi, kuziba ghafla na kufinyika tena. Kiwe cha utando wa moyo wa ng'ombe, Dacron (kitambaa cha sintetiki) au vena, chaguo ni la mpasuaji, ila vena iliyotolewa kwenye kifundo cha mguu inaweza kupasuka. Chukua ya juu pajani. Mbinu ya kugeuza mshipa nje-ndani nayo inafaa bila kiraka, lakini mrija wa muda ni mgumu kuuweka humo.

Kuna utaratibu wa vibanio ambao hauna gharama yoyote na unazuia viharusi. Usiipapase njia panda kabla ya kubana. Tenganisha mgonjwa kutoka kwenye mshipa, si mshipa kutoka kwa mgonjwa: sogeza tishu za kando, mshipa wenyewe utulie. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida uniti 5,000 au 75 hadi 100 kwa kilo, ipewe dakika kadhaa kabla. Bana tawi la ndani kwanza, ili makombo yatakayotikiswa na vibanio vingine yasipate njia ya ubongoni. Mwishoni mwa gamba upande wa juu, utando ukibaki umeinuka kama ganda la kitunguu, ubandike kwa nyuzi nyembamba za 7-0, la sivyo damu itauinua na kuuziba mshipa. Kabla ya kukaza mshono wa mwisho, ruhusu damu irudi kutoka tawi la ndani, kisha isukumwe kutoka chini, itoke na hewa na mabaki. Kisha fungua tawi la nje, halafu karotidi kuu, hesabu mapigo kama 10, ndipo ufungue la ndani. Chochote kilichobaki kitaishia usoni, ambako hakina madhara makubwa.

Dawa za kabla

Kwa kisu aspirini haiachwi hata siku moja, na dozi ndogo inashinda kubwa: katika jaribio la ACE, aspirini ya 81 au 325 mg ilileta kiharusi, shambulio la moyo au kifo kwa asilimia 6.2 ndani ya miezi 3, dhidi ya 8.4 kwa 650 au 1,300 mg. Kidonge kimoja cha klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, cha 75 mg usiku wa kuamkia upasuaji hupunguza sana makombo yanayosikika kwenye dopla baada ya mshono, kwa gharama ya kuvuja damu kidogo zaidi shingoni wakati wa kufunga. Kwa stenti, dawa zote mbili ni lazima: siku 5 kabla au dozi kubwa ya 300 hadi 600 mg ya klopidogreli saa kadhaa kabla, kisha angalau wiki 4 baada yake. Statini ianze mapema kwa wote.

Baada ya mshono

Mgonjwa aamshwe mezani, na asitoke thieta kabla hajasogeza mikono na miguu yote na kujibu swali. Akiamka amepooza upande mmoja, au akaamka vizuri kisha akapooza ndani ya saa za mwanzo, fikiria kwanza kwamba damu imeganda kwenye mshono. Kwa kisu shingo hufunguliwa upya mara moja, bila kuzunguka kutafuta picha ambayo itakula dakika 40. Kiharusi kinachokuja baada ya siku moja ni kitu kingine, nacho huanza na CT, kwa sababu huenda ni damu iliyovuja.

Uvujaji huo ndio mtego wa siku ya 3 hadi ya 7. Ubongo uliozoea damu kidogo kwa miaka unapokea mkondo kamili, na mishipa yake midogo imesahau kujibana. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma upande uliotibiwa, mara nyingi mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani. Kisha degedege, kisha damu kichwani. Hutokea kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100, kwa kisu na kwa stenti pia, na karibu kila mara presha imekuwa juu. Namba ya juu ya presha iwekwe chini ya 140 hadi 160 mmHg, na kwa aliyekuwa na ufinyu mkali pande zote mbili lenga chini zaidi. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa, pamoja na tarehe ya kutoa nyuzi, liandikwe hili kwa herufi kubwa: kichwa kikiuma upande wa mkato na presha ikiwa juu, rudi hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.